Sikukuu ya Jina kwa Ajili ya Chuma na Chumvi

Jumanne, 26 Oktoba

Naanza shajara. Siku moja nitaulizwa, na nataka niwe na ushahidi kwamba nilikuwa sahihi.

Hali ni mbaya. Leonard anataka kutumaliza. Si kwa kisu. Kwa kijitabu.

Maelezo mafupi kwa atakayesoma ushahidi huu. Kila Jumamosi alasiri tunakutana watu wanne sebuleni kwa Bogna kucheza mchezo wa kuigiza mezani. Bogna, ambaye siku za kazi anafundisha kemia, ndiye msimulizi: anasema mmefika kwenye daraja, na daraja limeoza. Sisi wengine kila mtu ana mhusika wake, na kila mtu anasema mhusika wake anafanya nini. Dadu zinaamua kama amefaulu au ametumbukia. Mfumo wetu ni Chuma na Chumvi. Vitabu vitatu vinene, majedwali tupu. Ukianguka ukutani, kuna jedwali la kuanguka. Ukimuudhi mfalme, kuna jedwali la wafalme waliokasirika. Mhusika wangu ni mtawa, Ndugu Gerwazy, mwenye alama nyingi mno za ushawishi. Akitaka kumlainisha mlinzi wa lango, mimi sisemi neno. Narusha dadu. Mlinzi analainika. Mimi nanyamaza. Raha iliyoje!

Ofisini sina dadu. Niko idara ya vibali vya kukata miti. Mkuu wetu, Bwana Edmund Pawelec, akinikuta koridoni na kuniuliza habari za asubuhi, natakiwa kujibu papo hapo, kwa mdomo wangu, bila jedwali lolote. Juzi nilijibu, “Asante, na wewe pia.” Mpaka leo sijui nilimaanisha nini.

Sasa Leonard. Kaja Septemba. Ana ndevu na gitaa. Kaja na mfumo uitwao Njia Panda, kijitabu chembamba kama cha nyimbo za kanisani. Hakuna majedwali! Hakuna dadu! Kuna swali moja tu: mhusika wako anaogopa nini? Unajibu kwa sauti, watu wakikutazama. Jumamosi iliyopita akapendekeza msimu wa baridi tuucheze kwa Njia Panda. Macho ya Bogna yakang'aa. Hata Wit, fundi wa meno ya bandia, mtu mpole, akasema kweli naye amechoka, maana alasiri nzima tumeitumia kupiga hesabu kama nyumbu wetu amelowa.

Nyumbu alilowa. Kwa kiasi. Ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote.

Tukihamia Njia Panda, itanibidi niseme. Siwezi kusema. Asiyesema hana kazi mezani pale, na meza ile ndiyo mahali pekee mjini ambapo nikichelewa mtu huuliza niko wapi.

Jumatano, 27 Oktoba

Kuna mlango wa kutokea!

Chama chetu kina desturi: mwenye sikukuu ya jina, yaani siku ya mtakatifu anayeitwa kama yeye, hakataliwi kitu, kwa hiyo siku hiyo ndiye anayechagua mfumo, na chaguo lake linadumu mpaka sikukuu ya jina ya mwanachama mwingine. Jumamosi Bogna aliuliza nani anafuata. Yeye na Wit ni Juni, mimi nilishasherehekea Mei. Leonard akacheka, akasema yeye hajawahi kushika sikukuu za majina, hayo ni mambo ya akina bibi. Basi ikaamuliwa tupige kura tarehe 6 Novemba. Kura! Tuko wanne, na watatu wameshaonja uvivu.

Lakini leo, nikinywa chai jikoni, nikatazama kalenda ya kuchana ya mama. Kila karatasi ina tarehe, na chini yake majina ya watakatifu wa siku hiyo. Watakatifu walioitwa Feliks ni wengi ajabu, kila mmoja na tarehe yake. Nikafunua mbele. Dirisha lilikuwa wazi, upepo unapeperusha karatasi, nikazibana kwa kidole gumba. Jumamosi, 6 Novemba: Feliks!

Jina langu, siku ya kura yenyewe! Hakuna sheria inayokataza mtu kuhamisha sikukuu yake.

Nimemwambia mama. Mama akashika kiuno. Akasema amekuwa akinisherehekea Mei tangu nikiwa tumboni, na kama nimepata Feliks mwingine nimwambie mapema amtafutie kitanda. Nikamweleza kwamba ni jambo la kiroho. Akaninusa mdomo kwanza. Kisha akauliza wageni wangapi.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nimetangaza. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye kiganja.

Wit akauliza si tulikula keki yangu Mei, ile ya jibini, ambayo yeye aliongezewa kipande. Nikajibu kwamba wapo akina Feliks wa Mei na wapo wa Novemba, na mimi nimehama. Wit akasema, “Kumbe mtu anahama! Basi na mimi nihamie Desemba, zawadi zije pamoja.” Wakacheka. Leonard akaja kunipa mkono, akanipongeza kwa dhati kabisa, jambo lililoniudhi sana. Mpinzani wa kweli angeshuku.

Bogna akasema desturi ni desturi. Nitachagua mimi. Ushindi!

Kisha akasema, basi Jumamosi tunacheza kwako. Mwenye sikukuu ndiye mwenyeji.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kwetu kuna vyumba viwili, kimoja kina mama.

Jumatatu, 1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote. Mji mzima uko makaburini, kila mtu na mishumaa yake na maua yake. Mama na mimi tulikuwa tunasugua jiwe la babu. Namwona nani njiani, anakuja na ndoo? Bwana Mkuu!

Nikainama nyuma ya msalaba wa jirani. Nilikuwa nimejificha vizuri kabisa mpaka mama alipopaza sauti: “Feliks, mbona umechuchumaa kwenye kaburi la watu? Bwana huyu si mkubwa wako?”

Wakasalimiana. Wakasifiana maua. Mimi nikawa natabasamu kwa mdomo uliofunguka. Kisha mama, mzazi wangu niliyemtegemea, akamwambia Bwana Mkuu kwamba Jumamosi Feliks wetu ana sikukuu ya jina, nyumba iko wazi, keki ipo.

Bwana Mkuu akanitazama. Akasema taratibu kwamba alidhani ofisini tulikula keki yangu majira ya machipuko. Mama akasema, “Hiyo ilikuwa ya kwanza, Bwana Mkuu. Huyu ni mtoto wa pekee, anasherehekewa mara mbili.”

Bwana Mkuu akatikisa kichwa na kwenda zake na ndoo. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Ila kwetu sikukuu ya jina haina mwaliko: anayekumbuka anakuja. Na Bwana Mkuu anakumbuka hata mti uliokatwa kabla sijazaliwa.

Nitafukuzwa kazi kwa kula keki mara mbili.

Jumatano, 3 Novemba

Bwana Mkuu anakuja. Amesimama mlangoni mwa ofisi yangu, funguo zake zikilia mkononi, akauliza mama anapenda maua gani. Nikasema, “Mti wowote.” Akaandika.

Baada ya hofu, hekima. Kama maisha hayana majedwali, nitayatengeneza. Nimetunga Jedwali la Mazungumzo na Bwana Mkuu. Nitarusha dadu chini ya meza, kisiri. Moja: hali ya hewa. Mbili: afya ya mkewe. Tatu: miti, kwa jumla. Nne: miti, kwa undani. Tano: kusifu soksi. Sita: kwenda jikoni.

Huu ndio ubora wa Chuma na Chumvi ambao Leonard hatauelewa kamwe. Anasema majedwali yanamfunga mtu. Yanafunga nini? Mtu akiwa juu ya paa unamwambia ukuta wa ukingo unamfunga?

Ijumaa, 5 Novemba

Mama amepika kama kwa harusi. Saladi ya mboga na mayonezi, samaki wa siki na vitunguu, nyama iliyogandia kwenye mchuzi wake, keki mbili. Nimesogeza kabati. Nimeanguka na kabati. Hakuna jedwali. Goti limevimba.

Nimejizoeza kusema “Nachagua Chuma na Chumvi” mbele ya kioo. Kwenye kioo nilisadikisha.

Jumamosi, 6 Novemba

Naandika nikiwa bafuni, kwingine kote kuna watu.

Wa kwanza kufika ni Bwana Mkuu, kabla ya wakati. Tai, chupa, na mche wa mti ndani ya chungu. Akavua viatu, mama akampa sapatu za marehemu babu. Bwana Mkuu mwenye sapatu za manyoya! Sikujua nitazame wapi. Nikarusha dadu mfukoni. Tano. Nikasema, “Soksi nzuri, Bwana Mkuu.” Moja ilikuwa na tundu. Akauficha mguu nyuma ya mwingine.

Wakafika wengine. Mama akawalazimisha kula mpaka Wit akafungua kifungo. Ndipo Bogna akagonga glasi, akatangaza kwamba mwenye sikukuu sasa atachagua mfumo wa msimu. Nikasimama. Nikafungua mdomo.

Mama akasema, “Subirini, nichane kalenda, leo nimesahau.” Akaichana ile karatasi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani: “Leonard, Feliks.”

Leonard!

Nilikuwa nimelibana kwa kidole gumba! Nilisoma jina langu. Nani husoma majina ya wengine?

Kelele zikaanza. Wit akapiga meza akisema tuna wenye sikukuu wawili, kama mapacha. Leonard akawa mwekundu, akasema kweli hakujua, bibi yake humpigia simu kila Novemba na yeye hudhani amemkumbuka tu. Mama tayari alikuwa amemkata kipande cha keki kikubwa kuliko changu. Bogna akakuna kichwa: hawakataliwi wote wawili, na wanataka vitu viwili. Leonard akasema yeye yuko tayari kuniachia.

Hapo ndipo ningenyamaza, nikashinda. Ushahidi huu ni wa kweli, kwa hiyo naandika: sikunyamaza. Nilitaka kuonekana mkarimu mbele ya Bwana Mkuu. Nikasema, “La, haki itendeke.”

Mama akasema basi aamue mgeni, maana mgeni akiingia nyumbani Mungu ameingia. Wote wakamgeukia Bwana Mkuu, aliyekuwa na kipande cha samaki mdomoni. Akameza. Akasema ofisini kwake hakuna kibali kinachotoka bila kuuona mti. Ataijaribu mifumo yote miwili.

Tukaanza na wangu. Nilipanga vitabu vitatu mbele yake kwa heshima. Kwenye Chuma na Chumvi mhusika huundwa kwa dadu tangu kuzaliwa. Bwana Mkuu akarusha: amezaliwa. Akarusha: ana nywele. Nikapekua, nikajumlisha, nikatoa, nikarudi kitabu cha pili. Chai ikapoa. Bogna akapiga miayo na kusingizia paka, wakati hatuna paka. Bwana Mkuu akarusha kwenye jedwali la magonjwa ya utotoni. Akafa kwa kifaduro.

“Nimekufa?” akauliza. “Hata shule sijaanza?”

Nikamweleza kwamba hilo ndilo linalofanya mfumo uaminike. Tukaanza upya. Safari hii akaishi. Akarusha dadu ya kazi, nikasoma jedwali, na nilitamani sakafu ifunguke. Karani. Bwana Mkuu akavua miwani akaifuta. “Nimetoka ofisini,” akasema, “nimevaa sapatu, nimekufa, nimefufuka, nimerudi ofisini.” Wit alicheka mpaka akaenda kushika ukuta.

Kisha Njia Panda. Leonard akafunua kijitabu, hakusoma sana. Akasema tu: ni monasteri, theluji, mlango unagongwa. Kila mmoja aseme mhusika wake anaogopa nini. Aanze Feliks, nyumba ni yake.

Dadu ikanianguka chini ya kabati. Mama kasimama na sinia. Nikatazama kiganja, maneno yalikuwa ya wiki iliyopita, yameshaoshwa. Sijui mdomo ulifungukaje. Nikasema Ndugu Gerwazy anaogopa milango inayofunguka kwa ndani, kwa sababu huwezi kujua nani yuko nyuma yake. Anaogopa kengele inayoweza kuwa inamwita yeye. Anaogopa kuulizwa habari za asubuhi. Anaogopa funguo za abate, mkuu wa monasteri, zinapolia koridoni, kwa kuwa abate ni mtu mwema na Gerwazy hajui mtu mwema anajibiwa nini. Ndiyo maana amejifunza sala zote kwa moyo, apate neno la kusema kwa kila jambo. Na usiku wa leo anaogopa kwenda kuufungua mlango, lakini anaogopa zaidi kwamba siku moja atachelewa chakula na hakuna mtu mezani atakayeuliza yuko wapi.

Nikakoma. Bwana Mkuu alitazama funguo zake, zilizokuwa mezani kando ya saladi. Akazichukua polepole, akazitia mfukoni, zisilie.

Kisha Leonard, mpinzani wangu, akauliza kwa sauti ndogo: “Halafu? Anafungua?”

Nikasema anafungua. Na tukacheza. Sijui kwa muda gani, nilisahau kutazama saa na kuogopa. Ndugu Gerwazy alisema maneno mengi kuliko niliyosema mimi tangu niajiriwe. Mwisho wakapiga makofi. Bogna alikuwa na machozi, akasema hajawahi kusimulia mchezo kama huo, na tangu lini nilikuwa na huyu mtu tumboni. Wit akasema, “Ndugu yangu, na sisi tunahesabu nyumbu!”

Bwana Mkuu akachagua Njia Panda. Kisha akamimina pombe ya cheri ya mama, akapitisha mkono wake ndani ya kiwiko changu jinsi watu wanavyokunywa wanapoachana na ubwana, tukanywa. Akasema, “Kuanzia leo, mezani hapa, mimi ni Edmund.” Bogna akamwambia, basi Edmund awe mwanachama, kila Jumamosi. Wote wakaitikia: karibu, Edmund!

Nikasema, “Asante, Bwana Mkuu.”

Siwezi. Kuna mipaka.

Jumapili, 7 Novemba

Nimelala vibaya, nimefikiri vizuri.

Makofi yale yalikuwa ya huruma. Ni wazi. Watu humpigia makofi mtoto aliyeanguka jukwaani. Bogna kulia? Vitunguu vya samaki. Na kama kweli nilisema vema, sifa ni ya Chuma na Chumvi: nani aliyemlea Ndugu Gerwazy? Nani alimpa alama zote zile za ushawishi? Zilikuwa zimejikusanya.

Mama anasema nilikuwa mzuri kama padri kijana. Anasema, “Mwanangu, kumbe una sauti.” Nikamwambia mfumo ule ni hatari. Leo umeniuliza naogopa nini, kesho utaniuliza nataka nini. Mama akasema yeye angependa kulijua jibu. Nikaenda kuitafuta dadu chini ya kabati. Nimeipata. Ilikuwa imetua kwenye sita: kwenda jikoni. Ningeiona mapema, yasingetokea yote haya!

Jumanne, 9 Novemba

Ofisini Bwana Mkuu ameacha kubeba funguo mkononi. Sasa simsikii anapokuja. Ni vibaya zaidi. Amenitokea ghafla kando ya mashine ya kunakili, akanisalimia kwa jina, akasema anaingoja Jumamosi kwa hamu. Leonard ameniandikia kuuliza kama ningependa kusimulia siku moja badala ya Bogna. Wananizingira.

Lakini leo nimeirudia kalenda ya mama, dirisha limefungwa, vidole vyote nyuma ya mgongo. Safari hii sikukurupuka. Nimesoma karatasi yote, juu mpaka chini, kama mtu aliyesoma.

Jumamosi, 20 Novemba: Feliks! Feliks tena! Na wengine, maana nimejifunza: Anatol, Edmund. Nimekaa nikapitia wanachama mmoja mmoja. Bogna, Wit, Leonard, mimi, na Bwana Mkuu. Hakuna Anatol. Hakuna Edmund. Njia ni nyeupe! Nitachagua Chuma na Chumvi, na hakuna atakayenipinga.

Mama anasema yeye hapiki tena mwaka huu, sikukuu tatu hata papa hana. Si kitu. Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana Mkuu, mlango unafunguka kwa ndani, nikaingia, nikamwomba kwa heshima asikose tarehe 20, kuna sikukuu ya jina.

Bwana Mkuu akasimama. Aliguswa kabisa. Akanishika bega, akasema hakutegemea mtu yeyote ofisini angekumbuka, na kwamba keki ataagiza yeye, kubwa, na sote tucheze nyumbani kwake.

Keki yangu, na anailipia yeye! Mtu mwema ajabu. Niliporudi kwenye meza yangu nilianza mara moja kumtengenezea mhusika mpya. Nimeruka kifaduro.